Kiraka Tumboni mwa Pasi

Juzi umeme ulikatika hapa mtaani kwetu Mtwara tangu alfajiri, ukagoma kurudi. Jirani yangu mwalimu akaja kubisha hodi, sketi mkononi, kitambulisho cha shule kinamning'inia shingoni. Alikuwa na wageni shuleni kwake siku hiyo. "Shikamoo bibi. Nimeambiwa una pasi ya mkaa." Ninayo. Inakaa juu ya kabati, imefunikwa khanga, na wajukuu wangu wote wanajua kwamba haichezewi. Nikamwashia mkaa mwenyewe, maana vijana wa siku hizi mkaa wanaujua kwa mishikaki tu. Jioni akairudisha, kanuna kidogo lakini kwa adabu. "Bibi, pasi yako imeniachia vidoa vinne kwenye sketi. Halafu humo ndani ina kiraka cha shaba, kimeandikwa namba. Nani alikutilia?" Nikamjibu fundi mmoja wa zamani, nikaichukua, nikaingia nayo ndani. Nilikaa nayo mapajani mpaka chai yangu ikapoa.

Yeye sikumwambia, ana haraka zake. Wewe umeshakaa, ngoja nikueleze.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa mpiga pasi wa kijiji kizima. Kijiji chetu kilikuwa kusini mwa Ruvuma, enzi za Mreno, kwenye ghuba ya Tungue, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Palma, na kila Alhamisi nyumba yetu ilijaa kanzu za watu za kuswalia Ijumaa. Kazi yangu ilikuwa kuchoma vifuu vya nazi vigeuke mkaa, maana mkaa wa mti bibi aliukataa, akisema unarusha cheche na kutoboa nguo za watu. Kisha nikate jani la mgomba, bichi, lisilochanika. Pasi ikipata moto bibi aliipitisha juu ya jani mara tatu ili chini iwe laini, na harufu ile ya jani linaloungua nusu ndiyo utoto wangu wote. Nikiinusa hata leo nasikia njaa, kwa sababu ilikuja pamoja na muhogo wa nazi uliokuwa unachemka uani. Maji ya kulowesha nguo hakuyanyunyiza kwa mkono. Aliyapiga funda akayapuliza, yakatua kwenye kanzu kama umande. Nami siku moja nilijaribu kwenye kanzu ya imamu, ikaonekana kama nimeitemea mate, nikala kofi.

Pasi yenyewe ilikuwa ya chuma kizito, mpini wa mti, na komeo la kifuniko lilikuwa na umbo la jogoo. Jogoo yule alitazama mbele siku zote. Nilikuwa namwogopa kidogo, sijui kwa nini, na ikipoa dirishani nilipenda kumgeuzia ukutani.

Mama alifariki akinizaa, kwa hiyo tulikuwa watatu: bibi, baba na mimi. Baba alifanya kazi miaka mingi ng'ambo ya Ruvuma, akibeba mizigo bandarini hukuhuku Mtwara, akarudi nyumbani na mambo mawili. La kwanza ni shati lililonyooshwa. Hata akienda kung'oa muhogo alivaa shati lenye mistari ya pasi mikononi, watu wakamcheka, naye hakujali. La pili ni maneno. Sisi tulisema shikola, kwa kile Kireno, yeye akasema skuli. Sisi tulisema fosforo, yeye kibiriti. Bibi alimtania kila siku: "Umevuka mto tu, mwanangu, hukuvuka bahari. Sema kwa lugha ya kwenu." Baba anacheka, kesho anaomba tena kibiriti.

Vita mwanzoni vilikuwa vya bara, kule juu kwa Wamakonde. Tulivisikia mchana kwa mbali, kama mtu anayetwanga kinu kijiji cha pili, na wakubwa wakasita kula kidogo kisha wakaendelea. Halafu vikateremka. Asubuhi moja askari walikuja na magari, wakasema kila mtu atoke, tunahamishiwa penye seng'enge, ili watu wa msituni wasipate wa kuwapa chakula. Tulipewa muda wa kufunga mizigo ambao haukutosha hata kumshika kuku. Bibi alichukua chungu, mkeka, msahafu na mimi. Tulipokwisha kuvuka kijito akasimama ghafla. "Pasi yangu." Aliiacha dirishani, ilikuwa inapoa tangu jana yake. Askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki, si kwa nguvu, kama mtu anavyosukuma mbuzi, tukaenda.

Baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda Nhica kufuata mtama, siku mbili kabla.

Ndani ya seng'enge nyumba zilikuwa zimepangwa mistari, mlango mmoja, na mlangoni sipai, askari mwenyeji wa Mreno, mwenye bunduki. Hakuna aliyetoka wala kuingia bila karatasi. Karatasi hiyo iliitwa guia, ndivyo alivyoita karani, ndivyo alivyoita sipai, nasi tukaita hivyohivyo, hatukuwa na jina jingine. Kila nyumba ilipewa moja, nayo ilitaka jina la mwanamume. Bibi akataja jina la baba, akasema yuko safarini, anarudi kesho au keshokutwa. Karani akaandika jina la baba, akagonga muhuri. Bibi aliogopa mvua na panya, akaishona guia ndani ya kifuko cha kitambaa chenye kifungo, akakitia uzi, akanivika mimi shingoni. Ukiniona ungedhani nimevaa hirizi. Mlangoni nilifungua kifungo, sipai akatazama muhuri, nikafunga.

Wiki ile ile habari ikaja kwamba wote waliokutwa kwenye njia ya Nhica wameuawa. Anayekutwa nje bila guia, walisema, ni wa msituni, na wa msituni haulizwi mara mbili. Bibi alingoja. Arobaini ilipofika watu wa msikiti wakamsomea baba hitima bila maiti, tukala ubwabwa, na mimi nikaambiwa nimekuwa yatima kamili. Jina lake likabaki kwenye karatasi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kwenda kumwambia karani alifute. Nilikuwa natembea na jina la marehemu kifuani.

Bibi bila pasi alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Mikono yake ilikosa kazi. Akikaa alinyoosha upindo wa khanga yake kwa kiganja, anaupitisha, anaupitisha, mpaka nikawa namshika mkono aache. Sipai, ambaye alikuwa kijana wa huko huko pwani na alimjua, alimchokoza kila akipita: "Bibi, sare yangu imejikunja, utanipigia pasi lini?" Naye anajibu, "Niruhusu niende nikaichukue, mwanangu, utapendeza kuliko kapiteni."

Masika yalipokwisha, njaa ikawasumbua hata wenye bunduki, tukaruhusiwa kwenda Jumanne kung'oa muhogo kwenye mashamba yetu ya zamani. Wanawake na watoto tu, na sipai nyuma yetu.

Kijiji nilikikuta kimekaa kitako. Sina namna nyingine ya kusema. Makuti yameshuka, kuta zimebaki, vinu vimesimama uani vimejaa maji ya mvua, na hakuna sauti. Ilikuwa saa sita, jua la utosini, saa ambayo bibi hakuniruhusu kamwe kutembea peke yangu kwa sababu ndiyo saa ya wenyewe, ya mizimu. Wenzetu wakabaki mashambani. Sipai akaketi chini ya mkorosho, bunduki mapajani, akatwambia tusikawie. Bibi akanishika mkono tukaenda nyumbani kwetu, hatua zangu nazisikia mwenyewe.

Kabla ya kuingia nikanusa. Jani la mgomba linaloungua nusu.

Nilimtazama bibi, naye alikuwa amesimama, pua juu. Tuliingia. Pasi ilikuwa dirishani palepale ilipoachwa, na jogoo ametazama mlangoni, anatutazama sisi. Chumvi ya bahari ilikuwa imeila vibaya. Kutu imeota magamba mekundu juu mpaka chini, bawaba imevimba, na kwenye kitako cha pasi, upande wa mbele, kutu imetoboa tundu la kupitisha kidole. Bibi akanyoosha mkono kuigusa, akaurudisha haraka. Ilikuwa ya moto. Ndani, chini ya jivu, kulikuwa na vikaa viwili vyekundu.

Nilitaka kukimbia. Bibi alinibana mkono, akaanza kusoma aya zake kwa sauti ya chini. Ndipo nikaona ukutani, juu ya dirisha, pameandikwa kwa mkaa. Neno moja, herufi za chuoni, zile za Kiarabu. Macho ya bibi yalikuwa na ukungu tayari, akaniambia, "Soma wewe."

Sasa nisikilize hapa. Chuoni hatukuwa na herufi ya pe. Waarabu hawana. Wazee wetu wakiandika Kiswahili waliweka be mahali pa pe, na msomaji anajua mwenyewe. Nikasoma nilivyoona: "Basi."

"Basi nini?" bibi akauliza.

"Basi tu. Limeandikwa basi."

Bibi akatazama ukuta, akashusha macho kwenye pasi iliyokuwa chini yake. Uso wake ukalegea, machozi yakaanza kumtoka. "Si basi, mjukuu wangu. Ni pasi. Baba yako anadai pasi yake. Tumeiacha ikaliwa na kutu na yeye hana amani." Kwake jambo lilikuwa wazi kabisa. Marehemu hakuzikwa, hakuoshwa, hakuvikwa kitu safi, yeye ambaye shati lililojikunja lilimtia homa. Amerudi nyumbani kutafuta pasi na pasi imeoza. Alimwaga vikaa vile uani, ndani ya kinu kilichojaa maji ya mvua, akafunga pasi kwenye khanga. Kwenye dirisha aliacha muhogo wetu wa mchana, uliochemshwa, juu ya sahani ya bati, kama sadaka. Tukatoka. Nyuma yangu nilisikia mtu anakohoa, kikohozi kifupi cha kuzuia. "Usigeuke," bibi akasema, wala mimi sikugeuka.

Sipai alipoona khanga ile akacheka. "Umeipata kazi yako, bibi."

"Mgonjwa huyu, mwanangu. Kwanza tumtibu."

Na kuitibu tuliitibu. Bibi aliilaza pasi kwenye sufuria ya mafuta ya taa aliyoyakopa kibaba kwa kibaba nyumba hadi nyumba, usiku mmoja na mchana mmoja, magamba yakalainika. Tukayakwangua kwa kipande cha chupa. Halafu mchanga wa pwani na kumbi la nazi, tunasugua kwa zamu, mikono inakuwa myekundu, maji yanayotiririka ni mekundu, na kwa siku nyingi hata uji wangu ulikuwa na ladha ya chuma. Ndimu na majivu zikafuata. Bawaba tuliitia mafuta ya nazi na kuichezesha taratibu mpaka ikakubali kufunguka bila kulia. Nilishangaa jinsi bibi alivyobadilika. Alikuwa anaimba. Alinisimulia mambo ya baba alipokuwa mtoto, jinsi alivyokataa kuvaa suruali ya kaka yake kwa sababu ilikuwa na mkunjo gotini.

Tundu ndilo lilikuwa shida. Ndani ya seng'enge alikuwepo fundi wa koroboi, mzee mwenye kidole gumba kilichokatika nusu, bibi akampelekea. Fundi akaigeuza pasi, akaipima mwanga kwa jicho moja. "Lehemu haifai hapa," akasema. "Ukitia mkaa itayeyuka ikumwagikie nguo. Hii inataka kiraka cha shaba, na ribiti." Shaba hakuwa nayo. Tukangoja mpaka alipookota ganda la mzinga kwenye jalala la askari, akalichana, akalipondaponda likawa bapa, likabaki na namba zake. Ribiti alizikata kutoka kwenye misumari ya mashua, nne, akazigonga kwenye pembe nne za kiraka. Chini alizipiga tupa ili zisikwaruze, lakini tupa yake ilikuwa butu. Bibi alipojaribu pasi kwenye kitambaa cheupe, viliachwa vidoa vinne vidogo, kama mtu amegusa kwa ncha za vidole. Fundi akaomba radhi. Bibi akasema si kitu, marehemu mwenyewe atajua ni kwa ajili ya ugonjwa wa pasi.

Kazi hiyo ilitula Jumanne tatu. Mbili kati ya hizo wanawake walikwenda kung'oa muhogo, bibi akakataa. "Nitakwendaje mikono mitupu," aliniambia, "na mwenyewe ameidai?"

Jumanne ya nne tukaenda. Sahani yetu ya bati ilikuwa dirishani, imefudikizwa, imeoshwa. Nikamwuliza bibi ni mzimu gani unaosha vyombo. "Wa kwetu," akasema, "alilelewa." Lakini akanivuta karibu yake, kwa sababu ukutani neno lilikuwa limeandikwa tena. Chini ya lile la kwanza, kubwa zaidi, na chini ya hilo tena, kubwa zaidi, herufi zimekwenda mrama na sasa hazikuandikwa kwa mkaa, zimekwaruzwa kwenye udongo kwa msumari au ukucha. Mara tatu neno lile lile. Bibi aliliona lile la mwisho hata kwa macho yake, akaliongelesha kama anayembembeleza mtoto mwenye njaa: "Ndiyo hii, mwanangu. Ndiyo hii, tumeileta. Tulia sasa." Akaweka pasi dirishani, ameijaza mkaa wa vifuu, moto umeshashika. Akaweka ubwabwa wa nazi na sukari kidogo. Akafukiza ubani. Sipai alipiga mbinja kutoka kwenye mkorosho, tukaondoka, na safari hii sikusikia kikohozi.

Jumanne iliyofuata, mlangoni, tulikuta foleni, na sipai anasimulia. Sijui kama alikuwa anajisifu au anajituliza, kijana yule.

"Ijumaa kaja mtu hapa mchana kweupe," akasema. "Anatembea katikati ya njia, mikono anaionyesha. Nikadhani karani wa Palma, kwa sababu shati lake limenyooshwa, mistari imesimama. Askari wakamwacha akakaribia mpaka pale kwenye jiwe. Wakamwomba guia. Akafungua mdomo, anasema maneno ya ng'ambo, sijui nini na nini. Hakuwa nayo."

Watu wakauliza ikawaje, ingawa wote walijua.

"Wamempiga risasi palepale. Tukamfukia." Kisha alimwona bibi, akataka kumtania, kama kawaida yake. "Lakini bibi, aliyempigia pasi hakujua kazi. Mgongoni kaacha vidoa vinne. Wewe ungemfundisha."

Nilikuwa nimefungua kifungo cha kifuko, karatasi iko mkononi mwangu, namwonyesha muhuri. Bibi hakuanguka wala hakulia. Aliuliza jambo moja. "Na shati lake mmemvua?"

"Hapana, bibi. Tumemzika nalo."

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Tulikwenda shamba kama wengine. Nyumbani pasi ilikuwa dirishani, imepoa, jivu limetolewa, jogoo amegeuzwa ukutani kama nilivyokuwa nikimgeuza mimi. Kando yake jani la mgomba lenye njia za kahawia. Maneno yote matatu yalikuwa yamefutwa kwa kiganja, na alama ya kiganja imebaki. Bibi aliweka mkono wake juu ya alama ile. Tulikaa hivyo mpaka mbinja ikalia. "Mfu hapigi pasi," akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho siku hiyo. Mwanawe alikuwa hai siku zote zile, hatua kumi kutoka kwetu, nasi tukimfukizia ubani.

Pasi tuliirudisha, na bibi akaitumia. Vita vikaisha, seng'enge ikang'olewa, watu wakaitumia kufungia mbuzi. Fundi alifariki, sipai akahama na hakuna aliyejua alikokwenda. Nilipochumbiwa na mtu wa Mtwara, bibi alinifungia pasi kwenye mzigo wangu wa arusi. Nikavuka Ruvuma kwa mtumbwi na wakwe zangu, nikapanda ukingo wa huku, na pale palikuwa na meza, na ofisa amekaa nyuma yake.

"Karibu, dada," akasema. "Pasi."

Nikashangaa amejuaje. Nikafungua mzigo, nikaitoa, nikaiweka mezani mbele yake na jogoo wake. Watu wakaangua kicheko, wakwe zangu nao, hata mimi nikacheka bila kujua ninachocheka. Ofisa akafuta machozi. "Mimi shati langu limenyooka, dada. Pasi, karatasi. Ya kupitia. Kwani kule kwenu mnaiitaje?"

"Guia," nikasema.

"Haya, hiyo hiyo. Huku tunaita pasi."

Watu waliendelea kucheka. Mimi nilisikia baridi katika jua lile. Niliona ukuta wetu, neno moja, kisha mara tatu. Niliona mtu aliyejificha kwenye nyumba ya mama yake, asiyethubutu kuita kwa ajili ya bunduki iliyo chini ya mkorosho, anawatazama wanawake wakipita na mtoto mwenye kifuko shingoni, mtoto wake, naye akijua vizuri kilichomo, kwa sababu ng'ambo alishaonyesha karatasi za namna hiyo mara nyingi. Na pasi ya chuma haikuwa pasi kwake, ilikuwa jiko. Mkaa ukiufungia humo hautoi mwanga wala moshi wa kumvuta askari. Alichomea muhogo humo, juu ya jani la mgomba. Sisi tukamwaga vikaa vyake kwenye maji, tukabeba jiko lake tukaenda nalo Jumanne tatu, tukamrudishia likiwa limesuguliwa linang'aa. Alipoona hatuji kuelewa, alinyoosha shati lake vizuri awezavyo, akajaribu hilo badala ya karatasi.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila nilipokwenda kumwamkia alinishika mkono akauliza swali lile lile. "Alidai pasi yake, tukampelekea, siyo?" Nami nilijibu, "Tulimpelekea, bibi." Anatulia, anaunyoosha upindo wa khanga kwa kiganja. Sikumwambia mpaka namzika, na sijutii, ingawa kulibeba peke yangu si kazi ndogo.

Mahali pa kijiji chetu sasa pana vichaka, na ukienda hutajua pa kuanzia kutafuta dirisha. Guia zenyewe zimeoza zote, muhuri na majina. Wajukuu wangu wananicheka kwamba bibi hajui kusema basi, anasema yamekwisha, anasema haya, anasema imetosha, neno hilo moja halimtoki. Mwalimu nimemwahidi nitamfulia sketi kwa ndimu, vidoa vitatoka. Jana alipita asubuhi kwenda shule, kitambulisho chake kinampiga kifuani kila hatua, nikashindwa kumwitikia salamu. Siku ile ya kwanza, niliposimama chini ya ukuta nikamsomea bibi neno la baba kwa sauti, pasi yake aliyokuwa anaidai, yenye jina lake na muhuri, nilikuwa nimeivaa shingoni.